Uzito wa Gwakisa Ulivyopotea

Usiku wa kuamkia Jumamosi, Gwakisa Mwasomola aliota yuko darasani kwenye mazoezi yake ya Kichina ya tai chi. Hata ndotoni alikuwa amefika kabla ya wenzake, ili aone nani anaingia na nani.

Ndivyo alivyokuwa. Miaka thelathini na moja alikagua tiketi kwenye treni, na mtu akikagua tiketi muda wote huo hufika mahali akamtazama hata mtoto anayebatizwa kama abiria aliyepandia dirishani. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Iyunga, Mbeya, akabaki na abiria mmoja tu wa kumkagua: mkewe, Subilaga.

Na Subilaga alikuwa anatoka. Tangu mwezi wa nne, kila Jumanne na kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali umelalia migomba, alivaa raba, akajifunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, akaondoka. Alirudi saa mbili akitabasamu. Mwanamke wa miaka sitini na mbili, mwenye magoti yanayolia kila akiinuka, anatabasamu.

"Mama Lugano, ulikuwa wapi?"

"Mazoezini, baba Lugano."

"Mazoezi gani?"

"Ya kupumua."

Gwakisa aliwahi kusikia majibu ya namna hiyo, na aliyajua: ni ya mtu asiye na tiketi. Kupumua hata nyumbani kunapumuliwa. Siku moja akamfuata. Akakuta ghala kuukuu la kahawa, tupu, na mlangoni tangazo: MAZOEZI YA TAI CHI NA QIGONG KWA WANAOANZA. Akaitazama ile herufi Q kwa muda mrefu. Kiswahili hakina Q. Hii imeingiaje?

Ndani, watu kama ishirini walikuwa wakisogeza mikono polepole, kama wanaotafuta swichi ukutani umeme umekatika. Mbele yao alisimama mwalimu, Chengula, fundi wa cherehani, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini. Gwakisa hakuipenda ile sauti ya chini. Akajiandikisha siku ileile, si kwa afya, kwa upelelezi.

Hiyo ilikuwa Jumamosi tatu zilizopita. Turudi ndotoni.

Ghala lilikuwa lilelile, ila mabati yalikuwa yameondolewa na mahali pake umetandazwa ukungu, safi, umepigwa pasi. Subilaga alikuwa mstari wa mbele. Chengula akainua viganja.

"Hamishieni uzito wote mguu wa kushoto," anasema. "Wa kulia ubaki mtupu."

Maneno hayo Gwakisa alikuwa ameyasikia Jumamosi zote tatu, na zote tatu alisimama tu na miguu yake miwili kama kawaida. Leo anahamisha. Anasikia kitu kinamiminika nyongani kama maji ya ndoo. Anatazama chini. Mguu wa kulia wa suruali unapepea. Ndani hamna kitu.

"Vizuri sana. Sasa na wa kushoto uwe mtupu."

"Uzito uende wapi?" Gwakisa aliuliza.

"Uende ardhini. Ardhi inatunza."

Ukaenda. Gwakisa akabaki ananing'inia shubiri moja juu ya sakafu, mwepesi kama shati kwenye kamba. Wenzake nao walikuwa wananing'inia, wametulia, kana kwamba wamesubiri basi hapo miaka mingi.

"Urudisheni," Chengula anasema.

Wenzake wote wakashuka kwa mpigo mmoja, pu. Gwakisa hakushuka.

"Mwalimu, wangu haujarudi."

"Labda umechukuliwa."

"Na nani?"

"Mimi nafundisha, mzee wangu. Sikagui."

Gwakisa akatazama mstari wa mbele. Nafasi ya Subilaga ilikuwa wazi, na sakafuni palikuwa na mburuzo mpana, kama wa gunia, unaoelekea ukutani na kupita ukutani.

"Kamateni mpira," Chengula akaendelea.

Mpira huo huwa haupo. Mtu huweka mikono miwili mbele ya tumbo, mmoja juu, mmoja chini, akajifanya amekumbatia kitu cha mviringo. Gwakisa siku zote alikumbatia hewa, na alishuku kwamba wengine nao wanakumbatia hewa ila hawasemi. Leo aliposogeza mikono aliukuta. Ulikuwa na ukubwa wa boga, wa vuguvugu, na haukuonekana.

"Usinibane," mpira ukasema.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Yule wa kitenge cha kasuku?"

"Huyohuyo."

"Amepanda treni. Alikuwa na mzigo."

"Mzigo gani?"

"Mzito. Una mabega kama yako."

Gwakisa akaukaza kidogo. "Na wewe nani amekuambia uniambie hayo? Wamekutuma unipoteze njia?"

"Baba, mimi ni hewa," mpira ukasema. "Nani anatuma hewa?"

Hilo halikuwa jibu, na Gwakisa alilihifadhi kichwani kama jibu la kutiliwa shaka. Kisha akazungusha kiuno kushoto, kama walivyofundishwa, ili auhoji mpira pembeni, mbali na watu. Alipomaliza kuzunguka, ghala lilikuwa behewa la daraja la pili na lilikuwa linatembea.

Behewa halikuwa na viti. Abiria walisimama wamekunja magoti na kutanua miguu kama waliopanda farasi, nyuso zimetulia. Mama mmoja alikuwa anamenya njegere huku amejikunja hivyohivyo. Mlango wa mwisho ukafunguka, akaingia nyani. Alikuwa amevaa kofia ya ukaguzi. Gwakisa aliitambua. Ni ile aliyoirudisha stoo siku ya kustaafu, akasaini.

Nyani anapita kwa abiria mmoja mmoja. Anafika kwa Gwakisa.

"Tiketi."

Gwakisa alikuwa amelisema neno hilo mara zisizo na idadi. Kuambiwa, ilikuwa mara ya kwanza. Lilimpiga kifuani kama mlango.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mimi ni nyani. Kila Jumamosi mnarudi nyuma hatua nne mkinisukuma usoni kwa viganja. Mnaita Kumfukuza Nyani. Nilikukosea nini?"

Gwakisa alifikiri kwa haki. "Sikumbuki kosa."

"Hakuna. Tiketi."

"Sina karatasi."

"Nani amekuomba karatasi? Vuta pumzi."

Gwakisa akavuta. Nyani akaweka sikio kifuani pake, akashusha hadi tumboni, akasikiliza, akarudi juu. Kisha akatikisa kichwa kwa ile huruma ya kazini, ambayo Gwakisa mwenyewe alikuwa akiwapa watu kabla ya kuwateremsha porini.

"Pumzi yako inaishia Kifuani. Treni hii inakwenda Chini ya Kitovu. Utashuka Kifuani."

"Mke wangu anashuka wapi?"

"Mwisho wa safari. Pumzi yake inafika."

"Yuko na nani?"

Nyani akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Mzee, mimi nimefukuzwa na watu wengi kwa mikono," akasema. "Wewe unafukuza kwa maswali. Afadhali mikono."

Treni ikapita Puani bila kusimama. Kooni ilisimama kidogo. Kituo kilikuwa kimejaa maneno, yamekaa juu ya mabegi yao, yanasubiri kutoka. Gwakisa alichungulia dirishani. Neno moja lilikuwa limezeeka pale, lina mvi, limejifunga shuka. Likamtazama kama linamjua. Lilikuwa "samahani". Gwakisa akashusha pazia.

Kifuani wakamteremsha.

Kilikuwa kituo chembamba, kila kitu kimebanana: benchi limeegemea saa, saa imeegemea kengele. Mkuu wa kituo alikuwa korongo mweupe, amesimama kwa mguu mmoja, mabawa nusu wazi, na hakutikisika hata treni ilipoondoka kwa upepo. Gwakisa, ambaye kwa mguu mmoja hakuweza kufikisha hesabu ya tatu, alishuku kwamba mguu wa pili umefichwa mahali.

"Mkuu wa kituo, kuna mzigo wangu umepita hapa. Uzito. Kilo tisini na moja."

Korongo akafungua daftari kwa mdomo. "Umepita. Mbebaji, Subilaga. Uhusiano, mke. Sababu ya safari, mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Hapo wino umeingia maji."

"Maji hayaingii kwenye wino bure."

"Ni kweli," korongo akasema. "Hayaingii bure." Akafunga daftari.

"Nitafikaje Chini ya Kitovu?"

"Nia hutangulia, mwili hufuata. Mwalimu hajawaambia?"

Alikuwa amewaambia. Gwakisa aliyachukulia kuwa maneno ya kujaza muda.

"Basi," korongo akasema, "fikiria, utafika."

Gwakisa akafikiria. Na kwa kuwa kichwa kina njia zake kilizozoea, alimfikiria Chengula.

Papo hapo yuko chumbani kwa Chengula. Chengula amekaa kwenye kigoda, amevaa fulana yenye kiraka, anakunywa uji mbele ya cherehani iliyofunguliwa matumbo. Yuko peke yake. Gwakisa alichungulia chini ya kitanda. Akafunua pazia. Akavuta droo ya cherehani, akakuta vibobini vinne vya uzi na kitufe.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Unamjua."

"Karibu uji," Chengula akasema. "Hauna sukari, lakini upo."

Uji usio na sukari ulimtia Gwakisa shaka kubwa, ila hakuona ni kosa gani hasa. Akafikiria tena. Akafikiria kwamba huenda mkewe ana nyumba nyingine.

Nyumba ikawepo. Ipo juu ya kilima, haina rangi, imejengwa kwa haraka. Anasukuma mlango. Ndani kuna kiti kimoja tu, na kiti chenyewe ni chake, kile alichokuwa akikalia barazani Jumanne na Jumamosi akimsubiri arudi. Kilikuwa bado cha moto. Hapakuwa na kingine.

Basi wananicheka, akawaza. Anakwenda huko kusimulia habari zangu, wananicheka.

Akajikuta nyuma ya ghala, mazoezi yamekwisha, akina mama wanabadilisha viatu na kucheka mpaka wanashikana. Akajibana ukutani asikilize. Walikuwa wanacheka habari za mbuzi wa mmoja wao, aliyekula kitabu cha nyimbo za kanisani kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa arobaini. Gwakisa alisubiri atajwe. Alisubiri karibu nusu saa. Hakutajwa. Na hilo nalo lilimuuma.

Hakuwa na pengine pa kufikiria. Akakaa chini, juu ya reli iliyokuwa imepita hapo bila sababu. Alikuwa amechoka kwa namna ambayo hakuwahi kuchoka akiwa kazini. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne hakuwa na swali lolote kichwani.

Pumzi ikaingia yenyewe. Ikapita Puani. Ikapita Kooni. Akaisikia inakaribia Kifuani na akakaza mwili kuipokea, lakini haikusimama. Ilipita kama treni ya mizigo, korongo akainama kuipisha, ikateremka, ikateremka. Alisikia ilipofika. Na yeye akawa amefika.

Chini ya Kitovu palikuwa na joto la jiko lililochemsha maharage tangu asubuhi. Sakafu ya udongo, nguzo moja, mwanga usio na taa. Gwakisa akajificha nyuma ya nguzo, kwa mazoea.

Subilaga alikuwa katikati, kitenge chake cha kasuku amekifunga kiunoni kwa nguvu. Mbele yake, umempa mgongo, ulisimama uzito wa Gwakisa. Ulikuwa umevaa koti lake la kahawia. Ulikuwa na mabega yake, na tumbo lake, na ule mwinamo wake wa kushoto. Uso haukuwa nao.

"Haya," Subilaga anauambia.

Uzito unaanguka kinyumenyume, wote, kama gogo. Subilaga anakunja magoti, anaupokea kwapani, anazungusha kiuno polepole, anaulaza chini bila kishindo. Anafuta jasho. Anauinua. "Haya." Unaanguka tena.

Gwakisa alihesabu. Mara ya tano ulimponyoka. Wakaanguka wote wawili, na Subilaga akabaki chini yake, anahema, mkono mmoja tu unaonekana. Gwakisa alitaka kutoka nyuma ya nguzo. Kabla hajatoka, mkewe alikuwa ameshajivuta, amesimama, anaupangusa uzito vumbi begani.

Na anguko hilo Gwakisa alilijua. Mwezi wa tatu aliteleza bafuni. Alilala pale dakika arobaini, Subilaga akimvuta kwapani, akishindwa, akimvuta tena, mpaka jirani akaitwa. Gwakisa hakulizungumza tena jambo hilo. Aliamini kwamba lisipozungumzwa halikutokea.

"Mama Lugano," akasema.

Subilaga hakushtuka. "Umenifuata mpaka huku."

"Unafanya nini na uzito wangu?"

"Najifunza kuudaka." Alisema kama mtu anayesema anapika. "Wewe una kilo tisini na moja. Mimi nina hamsini na tatu. Siku ile nilikuvuta, nikashindwa. Ulikuwa unanitazama kutoka chini na mimi nashindwa. Nikasema, mara ya pili haitakuwa hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema huanguki."

Gwakisa akafungua mdomo kusema kwamba haanguki. Akaufunga.

Lakini miaka thelathini na moja haivuliwi kama kofia. Lilikuwa limebaki swali moja, na alijua kwamba asipoliuliza litamkaa.

"Na kwa nini ukirudi nyumbani unatabasamu?"

Subilaga alifungua kitenge, akakifunga upya.

"Kwa sababu natoka mahali ambapo kwa saa moja na nusu hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi."

Uzito wa Gwakisa ukatazama pembeni, kama mgeni aliyekutana na mambo ya mtu na mkewe. Gwakisa naye angetazama pembeni, ila huko tayari kulikuwa na uzito. Akatazama mikono ya mkewe. Ilikuwa na michubuko juu ya viwiko, mipya na ya zamani. Aliiona mezani kila siku tangu mwezi wa nne, na kila siku alijiuliza ni kazi ya nani.

"Basi vaa," Subilaga akasema.

"Nini?"

"Uzito wako. Vaa, uanguke."

Uzito ukamgeuzia mgongo, naye akauvaa, mkono mmoja, kisha wa pili. Miguu ikagusa udongo. Alikuwa amesahau ulivyo mzito. Alimwonea huruma yeyote aliyewahi kuubeba, kisha akakumbuka ni nani.

"Nipe mgongo," mkewe anasema. "Anguka."

Gwakisa anampa mgongo. Anageuza shingo.

"Usitazame nyuma."

"Nataka kuona kama upo."

"Nipo."

"Umekunja magoti?"

"Baba Lugano."

"Maana usipokunja magoti..."

"Baba Lugano. Anguka."

Katika maisha yake yote Gwakisa hakuwahi kumpitisha mtu kwa neno tu. Wanajeshi walionyesha. Mapadri walionyesha. Dada yake mwenyewe, akienda kumzika mama yao, alionyesha tiketi. Akasimama pale, mgongo mtupu, bila karatasi ya aina yoyote, na aliogopa kuliko alivyoogopa bafuni.

Akafumba macho, akaanguka.

Alianguka kwa mwendo wa darasani, polepole, bila haraka, kiasi kwamba alipata muda wa kushuku kila shubiri aliyopita. Mwanzo alishuku mikono ya mkewe. Kisha magoti yake. Kisha alishuku kwamba ameondoka, na kwamba ameondoka zamani, na kwamba ana haki. Karibu na chini akatafuta kingine cha kushuku, asikipate.

Mikono miwili ikaingia kwapani. Kiuno kikazunguka. Kisigino cha Gwakisa kikatua juu ya kitu laini.

"Uwii!"

Gwakisa akaamka.

Kulikuwa kumekucha. Ukungu wa Jumamosi ulikuwa umeegemea kioo cha dirisha. Yeye alikuwa chali upande wake wa kitanda, amefunikwa mpaka kidevuni, blanketi halina hata mkunjo. Subilaga alikuwa amekaa ukingoni, mguu mmoja juu ya goti, anakipulizia kidole gumba. Kilikuwa kimevimba, na damu imevilia chini ya ukucha.

"Umefanya nini?" Gwakisa akauliza.

"Umenikanyaga."

"Mimi nilikuwa nimelala."

Subilaga alikipuliza tena, akakikunja, akakikunjua.

"Una uzito wewe," akasema. "Lakini hukufika chini."

Gwakisa alikuwa na maswali manne, na yote yalikuwa ya haki. Akaondoa blanketi, akaweka miguu sakafuni kwa uangalifu, akaenda jikoni kumchemshia maji ya chumvi.